Fundi Analipwa Kufungua. Kusikiliza Je?

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Tuongee kuhusu kelele, na simaanishi zile za bungeni. Namaanisha kelele ya kusaga inayotoka chini ya gari, sehemu fulani kati ya klachi na tairi la nyuma, ile ambayo dereva akiisikia anaongeza sauti ya redio ili asiendelee kuisikia.

Kama unaishi Mpanda na unamiliki gari, kuna uwezekano mkubwa kwamba gari hilo liliundwa kabla wewe hujamaliza shule ya msingi. Noah ya miaka ya tisini. RAV4 ile ya kwanza. Hilux iliyobeba mpunga wa Mpimbwe mpaka springi zikanyooka. Land Cruiser ya mradi fulani iliyouzwa mnadani baada ya mradi kufungasha virago. Ukitazama dashibodi inakwambia kilomita laki moja na arobaini, nawe unatabasamu tu, kwa sababu unajua namba zile zimewahi kurudishwa nyuma, na pengine si mara moja. Wenzetu wa Kenya wamepiga marufuku kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Sisi tumechagua njia nyingine: lete tu, ila utalipia uchakavu wake kwenye ushuru. Silalamiki. Bila mikweche hiyo mgonjwa wa Mwese angefikaje mjini?

Kwa hiyo sina ugomvi na uzee wa magari. Ninachotaka kusema ni hiki: katika mji wetu, na nadhani katika miji mingi ya Bongo, fundi analipwa kwa kufungua na kufunga. Halipwi kwa kujua. Matokeo yake tunayasikia kila siku chini ya viti vyetu.

Nitoe mfano wa nyumbani kabisa. Mjomba wangu ni mwalimu, na ana Hilux dabo kebini ya mwaka 1997 ambayo ikitoka shule inabeba mahindi, mbao, wagonjwa na maharusi. Msimu mmoja wa mvua ikaanza kusaga. Kelele ilikuwa inaanza taratibu ukifika kilomita 40 kwa saa, inakua kadiri mwendo unavyoongezeka, na ukiwa na mzigo ndiyo balaa kabisa. Gereji ya kwanza walisikiliza kwa dakika mbili, tena gari likiwa limesimama, wakatoa hukumu: gia boksi. Ikashushwa. Ikafunguliwa juu ya turubai, beringi zikatazamwa, wakasema "imechoka." Hivi jamani, gia boksi ya mwaka 1997 mlitegemea muikute imepumzika? Mjomba akatuma hela Dar, ikaja nyingine ya mtumba kwa basi, laki tisa bila nauli yake. Ufundi laki moja na nusu. Ikafungwa. Jioni ile ile akaondoka nayo, na alipofika kilomita 40 kwa saa kelele ikamsalimia kama ndugu waliopotezana siku nyingi.

Gereji ya pili wakasema difu, na wakaanza kutafuta spana. Hapo ndipo jirani akamleta mzee mmoja wa Makanyagio, fundi wa zamani ambaye siku hizi hana hata gereji, anashinda kwenye benchi nje ya duka la spea. Mzee hakufungua kitu. Akapanda mbele, akafunga mkanda, akasema, "Mwalimu, twende kidogo njia ya Sitalike." Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na daftari langu, mwandishi hata akiwa likizo ni mwandishi.

Tulipofika sehemu iliyonyooka, isiyo na watu wala gari nyuma yetu, akamwambia mjomba apande mpaka kelele iwe kubwa, kisha atoe gia, aache gari litiririke lenyewe injini ikiendelea kunguruma taratibu. Kelele haikubadilika hata chembe. Mzee akatikisa kichwa. Akamwambia arudishe gia, akanyage mafuta, aachie, akanyage, aachie. Kisha akamwambia apite gia ya tatu, ya nne, ya tano kwa mwendo ule ule. Ikawa ni ile ile. Tukarudi. Akaomba mawe mawili ya kuzuia tairi, akaingia chini, akaishika propela kwa mikono miwili pale katikati inaposhikiliwa na beringi yake, akaitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Mpira wa senta beringi ulikuwa umechanika, na beringi yenyewe imekauka haina grisi hata kidogo. Elfu themanini dukani. Kazi ya asubuhi moja.

Sasa sikia malipo. Mjomba alimshukuru mzee kwa moyo wote, akampa mkono kwa mikono miwili, akampa na elfu tano. "Ya soda, mzee wangu." Mzee akapokea kwa heshima, akarudi kwenye benchi lake.

Simlaumu mjomba, ni desturi ya mji mzima. Lakini hebu tufanye hesabu ya darasa la tatu. Waliobahatisha walipata laki moja na nusu. Aliyejua alipata elfu tano. Ungekuwa wewe ndiye kijana wa gereji, una watoto na kodi ya kiwanja inakusubiri mwisho wa mwezi, kesho gari likija linasaga ungeanza na lipi, kusikiliza au kushusha gia boksi? Tunawaita "fundi Maiko" na kucheka, wakati sisi wenyewe ndio tunaomlipa fundi Maiko vizuri kuliko fundi wa kweli.

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo, mbona hata Dar wanapigwa. Kweli wanapigwa. Ila Dar ukipigwa unapanda daladala kwenda Kariakoo kununua kingine. Huku spea inasafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Barabara ya lami ya Tabora kupitia Koga, iliyozinduliwa 2022, imepunguza sana mateso hayo, na ninaishukuru kila ninapopita. Lakini spea isiyo sahihi inasafiri kwa nauli ile ile ya spea sahihi, na ikishafika unakutana na lile tangazo la kila duka: mali ikishauzwa hairudishwi.

Halafu kuna Hifadhi ya Katavi. Wageni wanaokuja kwa ndege kupiga picha viboko wa mto Katuma hawaelewi kwamba kwetu hifadhi ile ni njia ya kwenda kwenye msiba. Ukitoka Mpanda kwenda Kibaoni, Usevya au Sumbawanga, ukishapita Sitalike uko ndani ya hifadhi ya kilomita za mraba 4,471. Pale hushuki kwenye gari kuangalia kinachosaga. Kuna simba, kuna tembo, na hata wote wawili wakiwa na shughuli nyingine, mbung'o hawana shughuli nyingine. Propela ikikatika krosi ya mbele, ncha yake inaanguka chini na inaweza kuchimba barabara huku gari likiwa kwenye mwendo. Beringi ya gurudumu ikisagika hadi mwisho, gurudumu linaweza kuondoka na habu yake. Hizo ndizo kelele ambazo tunaziongezea sauti ya redio.

Basi ngoja niwape yale niliyoyakusanya kwa mzee yule na kwa mafundi wengine wanne watano niliowauliza baadaye, nikayalinganisha na vitabu vya magari yenyewe. Sina nia ya kuwageuza mafundi. Nataka tu ukifika gereji uwe na la kusema zaidi ya "fundi, inalia."

Swali la kwanza: inasaga gari likiwa limesimama? Vuta hendibreki, gia nyutro, injini inanguruma, mguu mbali na klachi. Kama inasaga hapo hapo, kanyaga klachi mpaka chini. Ikinyamaza, mshukiwa ni beringi ya mbele ya gia boksi, maana ukikanyaga klachi shafti ya kuingilia inaacha kuzunguka. Kama ni kinyume, yaani kimya ukiachia na kelele ukikanyaga, basi ni rilizi beringi ya klachi. Haya ni majaribio ya dakika moja, hayahitaji hata spana namba kumi. Na kama kelele inatoka tu unapoingiza gia, hasa rivasi, angalia kwanza kama klachi inaachia sawasawa kabla ya kuitukana gia boksi.

Swali la pili ndilo lile la njia ya Sitalike. Kelele inafuata injini au inafuata mwendo wa gari? Ukitoa gia gari likiwa linatembea na kelele ikabaki vile vile, jicho liende nyuma: propela, krosi zake, difu, beringi za magurudumu, tairi. Mzee alinikumbusha kwamba hapo gia boksi haijaachiwa huru kabisa, kwa sababu shafti yake ya kutokea bado inazungushwa na magurudumu. Ndiyo maana akapima na gia moja moja. Kwenye gia boksi nyingi za magari yanayosukumwa na tairi za nyuma, gia ya nne inapitisha nguvu moja kwa moja bila kuielemea shafti ya chini. Gari linalosaga gia ya pili, ya tatu na ya tano halafu likanyamaza ya nne, hilo sasa lina haki ya kushushwa gia boksi. La mjomba halikuwa hivyo, na hakuna aliyejisumbua kujaribu.

(Na tafadhali, unapojaribu hili usizime injini gari likiwa kwenye mwendo. Breki zinakuwa ngumu, na usukani unaweza kujifunga. Fanya sehemu tambarare, isiyo na mtu, na muwe wawili.)

Swali la tatu: inabadilika ukikata kona? Ukipinda kushoto uzito wa gari unahamia kulia, kwa hiyo beringi mbovu ya kulia mara nyingi hupaza sauti hapo, na ya kushoto ukipinda kulia. Kama ni mlio wa ta-ta-ta usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kwenye gari linalovutwa na tairi za mbele, tazama jointi za CV, na kabla ya hapo tazama ule mpira unaozikinga na vumbi. Mpira ukichanika, mchanga wa njia ya Karema unaingia kwenye grisi na jointi inageuka kinu.

Difu nayo ina tabia yake. Ukikanyaga mafuta inaimba, ukiachia inanyamaza au inabadilisha wimbo, hapo ndipo unapoanza kuwaza krauni na pinioni. Kishindo kimoja kila unapoanza kuondoka, "ngu!", kinaelekea zaidi kwenye krosi za propela. Lakini usiende huko kabla hujapima oili. Fungua nati ya kujazia, ingiza kidole. Kama hugusi oili, umeshapata sehemu ya jibu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia. Watu wengi hawajui maji huingiaje difu iliyofungwa vizuri. Difu ikiwa ya moto halafu ukaitumbukiza kwenye mto, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na kama kitundu cha kupumulia kimezibwa na tope, inafyonza maji kupitia kwenye sili. Kwa mvua zetu za kuanzia Novemba hadi Aprili, na mito inayojaa bila taarifa, kitundu kile kidogo kama kichwa cha peni kinastahili kusafishwa na kila mwenye gari. Sijawahi kuona gereji inayokisafisha bila kuombwa.

Ukimwaga oili, angalia pia sumaku ya nati kama ipo. Uji wa kijivu laini kama masizi ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni habari nyingine.

Kisha kuna kelele zinazojifanya. Hizi nazipenda kwa sababu ndizo zinazokula hela za watu bila huruma. Ya kwanza ni kijiwe. Nyuma ya diski ya breki kuna bati jembamba la kukinga vumbi, na barabara zetu za changarawe zinapenda kurusha jiwe likakwama kati ya bati na diski. Sauti yake inatisha mno, chuma kwa chuma, utadhani gurudumu zima linakufa. Dawa yake ni kurudi nyuma kidogo, au kulichokoa kwa bisibisi. Nimesikia mafundi wawili tofauti wakisimulia gari lililobadilishwa beringi ya mbele kwa ajili ya kijiwe. Ya pili ni pedi za breki zilizokwisha hadi chuma. Ya tatu ni tairi zilizolika vibaya, ambazo mvumo wake kwenye lami ni pacha wa mvumo wa beringi. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Kelele ikihama nazo, mshukiwa umempata bila kununua chochote.

Na hapa nina nadharia yangu. Naamini lami imetuletea kelele. Nina maana kwamba zamani, kwenye changarawe, gari zima lilikuwa linalia, milango, viti, ndoo nyuma, kuku, kila kitu. Beringi ingeweza kufa pole pole na kuzikwa bila mtu kuisikia. Sasa mtu anatoka Inyonga kwenye lami, madirisha yamefungwa, na kwa mara ya kwanza anasikia gari lake linasema nini. Wengine wameongeza na kosa jipya: wanatembea na gia ya magurudumu manne kwenye lami kavu. Land Cruiser na Hilux nyingi za zamani hazikutengenezwa kwa hilo. Kwenye tope tairi zinateleza na kuachia mkazo. Kwenye lami haziteleza kwa urahisi, mkazo wote unarudi kwenye transfa na propela. Na wenye RAV4 zinazosukuma magurudumu manne muda wote, kuchanganya tairi mpya mbili na kuukuu mbili ni kuitesa difu ya katikati kila mzunguko.

Noah ndiyo kichekesho kingine. Jina moja, magari mawili. Ile ya 1996 hadi 2001 injini iko chini ya viti vya mbele na inasukumwa kwa tairi za nyuma, ina propela na difu nyuma. Iliyofuata kuanzia 2001 injini ilihamia mbele na kwa kawaida inavutwa na tairi za mbele. Ukimpigia mtu simu ukamwambia "Noah yangu inasaga nyuma," kama hajakuuliza ni ipi na bado akakutajia ugonjwa, kata simu.

Kuna mfano wa kitabibu ambao watu wa Katavi tutauelewa haraka. Tulikua kwenye zama ambazo kila homa ilikuwa malaria. Unafika zahanati, unagusa paji la uso, unapewa dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mgonjwa anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa, na vile vipimo vya haraka vya tone la damu vikafika hadi zahanati za vijijini. Ikagundulika homa nyingi ni za kitu kingine kabisa. Sasa kwenye gereji zetu bado kila kelele ni gia boksi. Hospitali unalipia kumwona daktari, unalipia kipimo, halafu ndiyo dawa, na hata ukiambiwa huna malaria huombi kurudishiwa hela ya kipimo. Gereji unataka kipimo cha bure, halafu unashangaa dawa kuwa ghali.

Kinachonichekesha zaidi ni kompyuta. Siku hizi kuna vijana wenye ile mashine ya kuchomeka chini ya usukani, na watu wanalipa bila kubisha. Elfu ishirini, thelathini, mradi kioo kimewaka na maandishi yametokea. Siipingi mashine, kwa injini na gia boksi za otomatiki inasaidia sana. Lakini mashine ile inasoma vihisio. Senta beringi ya propela haina kihisio. Krosi haina. Beringi ya habu ya Hilux ya 1997 haina. Gari linasaga kama mashine ya unga, kompyuta inasema kila kitu kiko sawa, na umelipa. Yaani tuko tayari kulipia kisichosikia na tunamnyima mwenye masikio.

Najua kuna pingamizi, na ni la maana. Mtu ataniambia: tukianza kulipia uchunguzi, wababaishaji watatoza ada ya kusikiliza halafu washushe gia boksi vile vile. Inawezekana. Ndiyo maana nasema malipo ya uchunguzi yawe na jibu linaloweza kuonyeshwa. Fundi aniambie amejaribu nini, amesikia nini, na anionyeshe kwa mkono wangu mwenyewe kinachocheza. Kama anasema beringi ya gurudumu, anyanyue tairi (gari likiwa juu ya stendi au magogo, si juu ya jeki peke yake, maana watu wamekufa chini ya magari kwa uvivu huo), alizungushe, mimi niweke kiganja kwenye springi na kuuhisi mtetemo. Asiyeweza kunionyesha, nimeokoa hela yangu kwa kumlipa elfu ishirini na kuondoka. Ni nafuu kuliko laki tisa.

Pingamizi jingine nimelisikia kwa mafundi wenyewe. Kijana mmoja wa Kawajense aliniambia, "Bro, nikimwambia mteja nataka nusu saa ya kusikiliza tu, anaona sijui kazi." Hapo tatizo ni letu. Tumejifundisha kwamba anayejua hujibu papo hapo. Daktari anayekutazama usoni na kukuandikia dawa bila kupima tunamwita mzembe, lakini fundi anayetaja ugonjwa kabla hujazima injini tunamwita mkali.

Mpanda tuna chuo cha VETA, na VETA kwa miaka kadhaa sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, wapimwe na kupewa vyeti bila kuanza upya darasani. Ni jambo zuri, na mafundi wa Makanyagio na Majengo walichangamkie. Ningependa tu pale anapopimwa kufunga na kufungua, apewe pia gari lenye kelele moja iliyofichwa aitafute bila kufungua nati hata moja. Na wazee kama yule wa kwenye benchi, badala ya kungojea soda, waitwe pale chuoni hata mara moja kwa mwezi, walipwe posho, vijana wapande nao gari. Maarifa yale hayapo kwenye mtandao kwa namna ambayo mtoto wa Nsemulwa anaweza kuyasikia. Unaweza kusoma neno "mvumo" mara mia, siku ya kwanza utakayousikia hutajua kwamba ndio wenyewe mpaka mtu akuguse bega.

Kwa upande wetu wateja, pendekezo langu ni jepesi na linaweza kuanza kesho. Ukifika gereji, kabla hujafungua boneti, uliza: kusikiliza bei gani? Mtajie mwendo ambao kelele inaanza, kama inabadilika ukikanyaga klachi, ukitoa gia, ukikata kona, ukiwa na mzigo. Mpe ufunguo, kaa pembeni yake, lipa. Sidhani kama bei ya haki kwa hapa Mpanda inaweza kushuka chini ya elfu kumi na tano, na kwa fundi mwenye masikio ya kweli hata elfu thelathini si ghali. Kama kazi yenyewe mtaifanya pale pale, mnaweza kukubaliana ikatwe kwenye gharama ya ufundi. Mafundi watatu niliowatajia wazo hili, wawili walicheka. Wa tatu aliniuliza ubao wa kuandika bei hiyo utengenezwe wapi, na usomeke vipi ili mteja asikimbie.

Bado sijampa jibu. "Kupima kelele"? "Uchunguzi wa chini ya gari"? Mwenye maneno mazuri zaidi aniandikie, nitampelekea mwenyewe Kawajense. Na kama uko Mpanda, Inyonga au hata Sumbawanga na unamjua fundi ambaye tayari anatoza kusikiliza, niambie anatoza shilingi ngapi, na wateja wake wanasemaje.